Uzi: Bampa la nyuma la pikapu nililoliunda mwenyewe hapa Pemba, baada ya la kwanza kuozea ndani

Mleta uzi

Asalaam aleikum wanajamvi. Wengi mmeniuliza bampa la nyuma la pikapu yangu limetoka wapi. Sikulinunua. Nimelipima, nimelikata na nimelichomea mwenyewe nikisaidiana na binamu yangu, hapahapa Pemba. Leo mvua imenifungia ndani tangu asubuhi, basi nalieleza lote. Nitaanza na lile la kwanza lililokufa, kwa sababu bila kujua lile lilikufa vipi hamtaelewa kwa nini hili lina umbo hili.

Gari ni Hilux. Kazi yake kubwa ni kutoa mwani na dagaa pwani ya kaskazini, Micheweni na Tumbe, na msimu wa karafuu kupeleka magunia kituo cha ununuzi. Karafuu haina taabu, mzigo mkavu. Mwani mbichi na dagaa ndio wenye kazi. Maji yake yanachuruzika kwenye sakafu ya bodi, yanapenya chini ya mlango wa nyuma na kumwagikia bampa. Kila safari. Na maji yenyewe ni ya bahari, lita moja ina karibu gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka, chumvi inabaki.

Bampa la kiwandani lilikuwa bati jembamba, likaisha mapema. Nikaenda karakana moja, jina silitaji, wakaniundia la bomba la mraba, milimita 100 kwa 50, unene wa milimita 3, ncha zote mbili zimezibwa kwa vibati na kusagwa mpaka mshono huuoni. Rangi nyeusi inang'aa. Nililipenda mno, nililipa kwa moyo mmoja.

Masika ya tatu nikaona rangi ya upande wa chini imevimba kama andazi kwenye mafuta. Nikachukua bisibisi nikaligusa. Sikupiga, niligusa tu. Bisibisi ikazama mpaka mpinini. Nilipoichomoa yakaanza kutoka maji meusi, mazito, yananuka kutu na dagaa. Nikaweka kopo la rangi la lita 4 chini yake. Likajaa.

Nilikaa pale chini nikilitazama lile kopo. Marehemu babu yangu alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, na kila chombo kilichofungwa gati kazi yake ya kwanza alfajiri ilikuwa kushuka kwenye ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, na kufua maji. Hakuuliza kama kuna maji, alijua yapo. Bampa langu lilikuwa ni chombo chenye ngama isiyo na mlango wa kushukia.

Naendelea chini, naomba msubiri kidogo nitafute vipimo vyangu.

Mdau wa Chake Chake

Pole sana ndugu yangu. Ila hapa sijaelewa. Bomba umesema limezibwa pande zote, sasa hayo maji lita 4 yaliingilia wapi?

Mleta uzi

Ahsante, swali zuri. Hata mie lilinisumbua wiki nzima mpaka nilipolikata bomba vipande na kuutazama mshono wa ndani kwa tochi.

Mshono ulikuwa na vitundu viwili, kila kimoja ncha ya sindano inapita. Mshono ukisagwa sana ili upendeze, unabaki mwembamba, na kile kiputo kilichokuwa ndani yake kinafunguka. Sasa fikiria gari imekaa juani mchana. Hewa ndani ya bomba inapata moto, inatanuka, inatoka kwenye kitundu. Mvua inanyesha ghafla au jioni inaingia, bomba linapoa, hewa ya ndani inasinyaa, na bomba linavuta. Linavuta nini? Kile kilicholala juu ya kitundu, na pale pamelala maji ya dagaa. Kila siku linapumua mara moja au mbili, na kila pumzi inaingiza tone. Kutoka hayatoki, kwa sababu kitundu kilikuwa juu na maji yamelala chini.

Na chumvi haikauki, hili ndilo watu wengi hawalijui. Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, inavuta maji hewani na kuyeyuka yenyewe. Chumvi ya bahari ina magnesi pia ndani yake, na hiyo inavuta maji hata unyevu ukiwa asilimia 33 au 35. Hapa kisiwani hewa haishuki kufika huko. Ndiyo maana nguo uliyoifua kwa maji ya bahari hata uianike mchana kutwa, jioni ukiishika ina umajimaji. Chuma nacho hivyohivyo. Kiangazi kwetu ni cha watu, si cha chuma.

Mdau wa Chake Chake

Nimeelewa sana. Kwa hiyo dawa si kutoboa matundu chini tu, maji yakatoka?

Mleta uzi

Matundu yanasaidia, na mwenye bampa la bomba leo hii atoboe, asisubiri kesho. Milimita 12 au zaidi, chini kabisa, kila ncha na katikati. Kitundu kidogo kuliko hapo kinazibwa na tope na magamba ya dagaa.

Lakini bado ndani huoni, hupaki rangi, huoshi. Mie nikaamua bampa la pili lisiwe na ndani kabisa. Kila sehemu ya chuma niweze kuitia mkono, kuiona kwa jicho na kuifikia kwa brashi. Vipimo vyote nitakavyoeleza vimetokana na uamuzi huo.

Umbo lenyewe: pleti ya milimita 4, urefu mita 1.70, imekunjwa mara mbili. Juu kuna sehemu ya kukanyagia, upana milimita 120, imeinama kidogo kuelekea nyuma ili maji yasilale. Kisha uso wa nyuma, milimita 180. Kisha mdomo wa chini, milimita 40, nao umeinama kwenda chini, haukupinduka kwenda juu. Mdomo uliopinduka juu ni bakuli, na wengi wanaufanya hivyo kwa sababu unaonekana nadhifu ukiutazama kwa mbele.

Nyuma ya uso huo, kwa ndani, nimechomea engo, chuma chenye umbo la L, ya 50 kwa 50, unene 5, urefu wote. Engo nimeigeuza mgongo juu kama paa la nyumba ya makuti, maji yakiigusa yanateleza pande zote mbili. Ukiiweka chali, kinyume chake, inakuwa mfereji, na mfereji wa chumvi ndio tulioukimbia.

Kisha vipembe sita vya pembetatu kushikilia sehemu ya kukanyagia na uso. Kila kipembe, ile kona inayoingia ndani kabisa nimeikata kidogo, kama sentimita 2, ili maji yapite chini yake. Kona ile ukiiacha nzima maji yanasimama pale, na pia mishono mitatu inakutana sehemu moja, ndipo nyufa hupenda kuanzia.

Vibebeo viwili vya kufungia kwenye chasisi ni pleti ya milimita 8, kila kimoja 300 kwa 150.

Mdau wa Wete, fundi wa kuchomea

Sheikh, kazi nzuri, lakini nipo kwenye fani miaka mingi, milimita 4 kwa bampa la gari ya mzigo ni nyembamba. Sisi tunaweka 8 kote, na mteja akigongwa anarudi kushukuru. Chuma ni uzito.

Mleta uzi

Kaka fundi, heshima yako. Nimelipiga hesabu, naomba unifuate taratibu kisha uniambie.

Chuma cha unene wa milimita 1, mita moja ya mraba ina kilo 7.85. Kwa hiyo pleti ya 4 ni kilo 31.4 kwa mita ya mraba. Pleti yangu ikinyooshwa ni mita 1.70 kwa 0.34, inakuja kilo 18. Engo ni kilo 6 na kitu. Vibebeo viwili kilo 5 na nusu. Vipembe kilo moja. Ndoana ya kuvutia na boliti kilo 3. Jumla kilo 34.

Sasa kilo 34 hizo hazikai katikati ya gari. Zipo nyuma ya ekseli kwa mita 1.2, na kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 3.1. Zidisha 34 kwa 1.2, gawa kwa 3.1, unapata 13. Maana yake bampa linanyanyua kilo 13 kutoka matairi ya mbele na kuzitua nyuma, ekseli ya nyuma inabeba kilo 47. Pembea ya watoto tu hiyo. Nikiweka 8 kote napita kilo 50 za bampa, na ekseli ya nyuma inaongezewa zaidi ya 70, hapo sijapakia hata gunia. Usukani wa mbele unakuwa mwepesi kwenye mlima wa utelezi, na barabara zetu za mashamba mnazijua masika zilivyo.

Jambo jingine, bampa likiwa gumu kuliko chasisi, linapogongwa chasisi ndiyo inayopinda. Bampa napenda liumie yeye kwanza, nitalifungua boliti nane niligonge linyooke. Chasisi siwezi kuigonga ikanyooka. Unene nimeuweka kwenye vibebeo, kwa sababu pale nguvu yote ya kuvuta inapita sehemu ndogo.

Mdau wa Wete, fundi wa kuchomea

Hiyo ya ekseli sijawahi kuipiga hesabu, nakubali. Lakini umesema boliti. Mbona hukuchomea moja kwa moja kwenye chasisi? Linashika zaidi.

Mleta uzi

Kuna sababu tatu, na ya kwanza ni kulitoa. Bampa langu nalitoa kila mwaka, nalipindua, nalisugua. Lililochomewa hulitoi.

Ya pili, mshono uliokatiza chasisi unakiathiri chuma cha pembeni yake kwa ule moto, na chasisi inajipinda siku zote gari inapopita mashimo. Ufa unaanzia pembeni ya mshono. Nimeona pikapu imekatika palepale.

Ya tatu, moto karibu na gari ni hatari. Bampa nimelichomea juu ya stendi uani, gari ipo upande wa pili. Ikibidi kuchomea kitu kwenye gari yenyewe, toa waya hasi wa betri, klempu ya ardhi iweke karibu kabisa na unapochomea ili umeme usipite kwenye maberingi na altaneta, na ujue tangi na mipira ya mafuta imepita wapi.

Boliti ni za milimita 12, daraja 8.8, nne kila upande, nimetumia matundu ya kiwandani yaliyokuwepo. Tazama kichwa cha boliti, namba imepigwa muhuri. Isiyo na namba usiitumie hapa hata kama muuzaji ni rafiki yako. Spana ya kupimia niliazima, nikakaza mpaka nyutoni-mita 80. Baada ya wiki nikakaza tena, mbili zilikuwa zimelegea kidogo. Kwenye vibebeo nimetoboa matundu marefu, si ya duara, ili niweze kulisogeza juu na chini mpaka likae sawa na bodi. Kama chasisi yako ni ya boksi, tia kibomba kifupi ndani boliti ipite katikati yake, la sivyo ukikaza kuta za chasisi zinabonyea.

Mdau wa Unguja, Mwanakwerekwe

Mleta uzi ubarikiwe. Kwa nini usitumie bomba lililopakwa zinki tangu kiwandani? Madukani yapo, na kutu halishiki haraka.

Mleta uzi

Zinki ni nzuri, lakini pale utakapochomea inaungua yote, na pale ndipo kutu litaanzia. Ndani ya bomba huwezi kuirudisha.

Na afya. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe. Ukiuvuta, saa chache baadaye unapata homa, baridi na viungo kuuma kama mwenye malaria. Kwa kawaida inaisha kwa siku moja au mbili, lakini mtu anaweza kukimbilia kunywa dawa za malaria bila kujua. Mafundi wengi wanakunywa maziwa wakiamini yanakinga. Hayakingi, moshi umeingia mapafuni, maziwa yameenda tumboni. Isage zinki sentimita kadhaa kila upande wa mshono kabla ya kuchomea, kaa upande upepo unakotokea, na usichomee ndani ya chumba.

Na chuma kisichoshika kutu kile cha masufuria, kabla hamjaniuliza: bei yake ni nyingine kabisa, na kukichomea na chuma cha kawaida kunataka rodi yake maalumu, E309L. Kwa gari ya dagaa sijaona haja.

Mdau wa Konde

Mie nataka kujua ulikunjaje pleti ya 4 bila mashine. Hapa Pemba ile mashine ya kukunjia sijaiona karibu.

Mleta uzi

Hapa ndipo palipotuchukua siku nyingi.

Kabla ya kugusa chuma tulikata katoni. Katoni za mafuta ya kupikia, tumeziunga kwa gundi ya karatasi, tukalikunja bampa zima la katoni na kulifunga kwenye gari kwa kamba. Tukafungua na kufunga mlango wa nyuma. Unagusa. Tukapunguza sentimita 2. Tairi la akiba linashuka? Linashuka. Taa ya namba inaangaza kibao? Katoni imeiziba, tukakata dirisha. Makosa yote mawili tumeyafanya kwenye katoni.

Kisha kamba. Funga kamba pale tairi la nyuma linapoachana na ardhi, ivute mpaka sehemu ya chini kabisa ya mkia wa gari. Chochote kinachoshuka chini ya kamba kitagusa ardhi gari ikipanda kutoka bondeni. Bampa la zamani lilikuwa sentimita 42 kutoka chini kwa umbali wa mita 1.1, hiyo ni nyuzi 21. Kila nikitoka shamba moja la bonde nilikuwa naacha mchoro kwenye udongo. La sasa liko sentimita 55, nyuzi 27 karibu, na pembe zake mbili nimezikata kwa mshazari kwenda juu.

Sasa kukunja. Piga mstari kwa chaki, kisha kwa grenda chora mfereji kwenye mstari huo, upande wa nje wa mkunjo, kina cha nusu ya unene, milimita 2. Rula ya chuma ifunge kwa klempu iwe mwongozo, mkono peke yake hauwezi kwenda mita 1.70 bila kuyumba. Bana pleti kati ya engo mbili nene, kisha kunja kidogokidogo kutoka ncha moja hadi nyingine, ukirudi ukirudia. Usikunje ncha moja mpaka mwisho. Mfereji unafunguka, na ule uwazi unaujaza kwa kuchomea, pleti inarudi unene wake.

Lakini katika kujaza ndipo lilipotupinda. Binamu yangu alianza ncha ya kulia akaenda moja kwa moja, mshono wa kupendeza. Lilipopoa tukaliweka kwenye sakafu ya saruji, katikati limenyanyuka milimita 9. Mshono ukipoa unasinyaa na kuvuta kila kitu upande wake. Tulilinyoosha kwa kupasha moto upande wa pili kwa alama ndogondogo na kuliacha lipoe lenyewe, bila kulimwagia maji. Mkunjo wa pili tulipiga taki, vishono vidogo vya kushikiza, kila sentimita 10 kwanza, kisha tukajaza sentimita 5 katikati, 5 ncha ya kushoto, 5 ya kulia, tukiruka hivyo. Likapinda milimita 2 tu.

Mdau wa Mkoani

Rodi gani na moto kiasi gani?

Mleta uzi

E6013. Ya milimita 2.5 kwa pleti ya 4, ampea 75 hadi 85. Ya 3.2 kwa vibebeo, ampea 115 au 120. E7018 ina nguvu zaidi, lakini ganda lake linavuta unyevu, ikikaa wazi zaidi ya saa 4 inataka kurudishwa kwenye joto kali ikauke. Kwa hewa yetu na bila tanuri, mshono wake unaweza kuwa na hila usiyoiona. 6013 iliyo kavu ni bora kuliko 7018 iliyolala wazi.

Umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu 2010, na mie nakumbuka tulivyokuwa tukitegemea majenereta kabla ya hapo, kwa hiyo silalamiki. Lakini jioni kila nyumba ikiwasha, kwetu mashine inalegea na rodi inaganda. Sisi tulichomea asubuhi, baada ya alfajiri mpaka saa nne, moto ukiwa umetulia.

Mdau wa Mkoani

Shukrani. Mie nina lori dogo la Canter, na bodi yake iko juu sana. Umbo hilihili litanifaa?

Mleta uzi

Kwako wewe jambo ni jingine, na ni kubwa zaidi. Mie bampa langu nalinda gari yangu. Wewe bampa lako linamlinda aliye nyuma yako.

Gari ndogo ikigonga lori lenye mkia mrefu, boneti inapita chini ya bodi, na kinachopokea ni kioo na vichwa vya watu. Marekani, mwigizaji Jayne Mansfield alifariki hivyo mwaka 1967, gari yao iliingia chini ya lori usiku, na mpaka leo Wamarekani wengi wanaliita bampa la chini la lori kwa jina lake. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 58 imekuwa ikitaka ukingo wa chini wa kizuizi hicho usizidi milimita 550 kutoka ardhini, gari ikiwa tupu. Pima lako leo. Nimepima Canter tatu bandarini, zote zilikuwa zaidi ya hapo kwa mbali.

Kwa hiyo kwako: boriti imara ishuke mpaka 550 au chini kidogo, upana karibu na upana wa matairi ya nyuma, na vibebeo vyenye mshazari wa kwenda mbele ili visilale vikigongwa. Hapo usitumie pleti yangu ya 4. Chukua chaneli nzito, chuma chenye umbo la U, na tumbo lake wazi lielekee mbele, na matundu ya maji chini. Weka viakisi vyekundu.

Na wote, si mwenye Canter tu: ncha za bampa zisizidi ubavu wa gari, na ziwe mviringo. Nimeona mabomba yamekatwa wima, yametokeza kama mikuki, urefu wa goti la mtu wa bodaboda. Tuna watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda madrasa. Sagia kila pembe mpaka uweze kupitisha kiganja bila kukwaruzika.

Watoto hao hao hudandia. Nilifikiria kuondoa kikanyagio kabisa, lakini wapakiaji wanakihitaji. Nikakiacha chembamba, kimeinama, mtu hawezi kusimama juu yake raha gari ikienda. Nimekitoboa matundu ya milimita 20 ili mguu wenye maji usiteleze na maji yasilale.

Mzee wa Tumbe

Nimesoma yote wanangu. Rangi hamjasema. Sie vyombo vyetu vya baharini juu tulikuwa tukipaka sifa, mafuta ya papa, chini deheni, mafuta na chokaa. Chuma cha nanga nacho tulikipaka sifa, kikidumu.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nilikuwa nakuja huko, na wewe umenifikisha.

Rangi kwanza. Chuma kipya kina ngozi ya kijivu nyeusi ya kiwandani, inaonekana safi, watu wanapaka juu yake. Ngozi hiyo inabanduka na rangi yote. Isage mpaka uone chuma cheupe. Sagia kingo zote ziwe mviringo, maana rangi mbichi hukimbia ncha kali na kuiacha tupu. Futa kwa tina. Kisha brashi ndogo, pakaa kwanza mishono, kingo na matundu peke yake, halafu ndiyo upake kote. Mie nilipaka rangi ya chini yenye zinki mikono miwili, kisha ya juu mikono miwili. Vibebeo vilipakwa vikakauka kabla ya kufungwa, kwa sababu pale vinapogusana na chasisi hufiki tena. Fanyeni wakati wa kaskazi. Masika hata rangi ikionekana kavu, chini yake pamefungwa unyevu.

Kisha sifa, mzee wangu. Nilipata chupa moja kwa wavuvi wa papa. Nikaipaka upande wa ndani tu, nyuma ya uso na chini ya engo, mbali na mipira ya breki. Harufu ilikaa wiki mbili, ila gari ya dagaa nani atajua. Nusu ya kushoto nilipaka sifa, nusu ya kulia oili chafu ya injini, nikaacha masika ipite.

Juzi nimelifungua. Upande wa oili ulikuwa umeshika vumbi, na chini ya vumbi pana alama tatu za kutu, kila moja kama punje ya mtama. Upande wa sifa umekuwa na ganda kama varnishi, kavu, na kutu sikuliona. Ni mwaka mmoja tu na gari moja. Lakini mwakani napaka sifa pande zote mbili, na oili chafu naiacha, maana mvua inaiosha kwenda visimani.

Na kila nikitoka kushusha dagaa, ndoo mbili za maji ya kisima, moja juu na moja kwa ndani. Dakika tano.

Mdau wa Konde

Gharama zote shilingi ngapi?

Mleta uzi

Bei inabadilika kila meli ikishusha, nikikutajia yangu nitakupotosha. Nenda dukani na hii: pleti ya milimita 4, ile ya futi 4 kwa 8, inakutosha na inabaki zaidi ya nusu, tafuta mwenzako mgawane. Engo ya 50 kwa 50 kwa 5, mita 2. Kipande cha pleti ya 8, usinunue pleti nzima, omba mabaki ya karakana. Rodi pakiti moja ya 2.5 na nusu pakiti ya 3.2. Diski za kukatia tano, tazama tarehe kwenye ile pete ya katikati, iliyopitwa na wakati inaweza kupasuka ikizunguka, na kinga ya grenda usiitoe. Boliti nane na nati zake na washa kumi na sita. Rangi lita moja ya chini, lita moja ya juu, tina.

Siku za kazi zilikuwa tisa kwa watu wawili, tatu kati ya hizo ni katoni.

Mdau wa Konde

Nina Hilux kama yako. Hizo katoni umezitupa?

Mleta uzi

Zipo, nimezifunga kamba juu ya dari ya jiko, zimekauka vizuri kwa moshi. Nitumie ujumbe wa faragha uje uzichukue. Uje na mita yako na upime chasisi yako kwanza, matundu ya kwangu upande wa kushoto yapo milimita 6 nyuma kuliko ya kulia, na sijui ya kwako.